Msaada wa hesabu: nguvu farasi ngapi kufika 400 km/h kwenye chumvi?

Risasi_Ndefu: Wakuu habarini. Nimekwama, na karatasi ya hesabu ndiyo inayonitisha kwa sababu inanipa jibu zuri mno. Najenga gari la kiti kimoja la kukimbia mstari ulionyooka kwenye chumvi ya Bonneville, ule uwanda mkubwa wa chumvi kule Utah, Marekani. Bodi ina urefu wa mita 6.2, upana sm 75, kimo sm 95. Eneo la mbele nimepata mita za mraba 0.62. Uigaji wa hewa kwenye kompyuta, kwa programu ya OpenFOAM, umenipa Cd (kipimo cha jinsi umbo linavyokinzana na hewa) ya 0.14, kwa hiyo Cd mara eneo ni 0.087. Uzito pamoja na dereva ni kilo 900. Pale ni mwinuko wa kama mita 1,280 na kuna joto, nikaweka msongamano wa hewa kilo 1.0 kwa mita ya ujazo. Ukinzani wa matairi kwenye chumvi nimekadiria 0.02.

Kwa 400 km/h hewa inanidai niutoni 537 na matairi 177. Hizo ni kilowati 79 kwenye magurudumu. Nikiongeza asilimia 15 zinazopotelea kwenye giaboksi na difu, injini inatakiwa kutoa kama farasi 125. Yangu inatoa 190. Nimekosea wapi, au kweli ni rahisi hivi?

Mzee_wa_Spana: Mkuu, nguvu iache kwanza. Gari refu na jembamba likiyumba kwa mwendo huo, farasi 190 hawatakusaidia kitu. Umeweka bawa la wima nyuma? Kitovu cha msukumo wa hewa lazima kiwe nyuma ya kitovu cha uzito, la sivyo upepo mdogo wa ubavuni unaligeuza. Watu wengi wanakata kadibodi yenye umbo la ubavu wa gari na kuining'iniza wapate kitovu. Njia hiyo inadanganya: kwa bodi nyembamba, hewa ya pembeni inasukuma mbele zaidi, karibu na pua, kuliko kadibodi inavyoonyesha.

Risasi_Ndefu: Bawa sijaweka, naogopa litaongeza ukinzani. Swali langu lilikuwa nguvu, mkuu.

Historia_ya_Mwendo: Cd ya 0.14 inawezekana kabisa. Goldenrod, gari la rekodi la ndugu wa Summers, mwaka 1965, hutajwa kuwa na Cd ya karibu 0.12, ilikuwa na injini nne za Chrysler zimepangwa mstari mmoja na ilifika 658 km/h hapo hapo Bonneville. Na ukirudi nyuma zaidi, baada ya vita kuisha, Bill Burke alichukua tangi la mafuta la ndege ya kivita, lile la kuning'inizwa na kudondoshwa, akaligeuza bodi. Umbo lilikuwa tayari limeshafanyiwa kazi na watu wa ndege. Hadithi ile ni tamu sana, matangi hayo...

Dada_Fizikia: Goldenrod matairi yake yalikuwa ndani ya bodi. Risasi_Ndefu, yako yako ndani au nje?

Risasi_Ndefu: Bodi imezibwa vizuri dada, hakuna upenyo. Viungo vyote vimepigwa mkanda na kusuguliwa. Rejeta nimeiondoa, nimeweka tangi la maji na barafu kwa sababu mbio zenyewe ni dakika chache tu, kwa hiyo hata tundu la kuingizia hewa ya kupoza halipo.

Dada_Fizikia: La tangi la maji umefanya vizuri. Nimeuliza matairi.

Risasi_Ndefu: Yako nje. Yote manne.

Uigaji ulikuwa wa bodi peke yake, nilipanga matairi niyaongeze baadaye. Lakini naomba mnielewe: nimechagua daraja la mbio liitwalo lakester, na huko magurudumu lazima yaonekane. Nikiyafunika nahamia streamliner, daraja la magari yenye magurudumu yaliyofunikwa, na rekodi nyingine kabisa. Bodi imeshatoka kwenye kalibu. Na difu nimeshaagiza, uwiano 2.2, ili nifike 400 kwa gia ya tano, ambayo ni moja kwa moja (1:1), injini ikiwa kwenye mizunguko 7,200 kwa dakika.

Dada_Fizikia: Basi tuhesabu unachokiendesha. Tairi la upana wa sm 13 na kipenyo sm 65 linaonyesha hewa mita za mraba 0.08 hivi. Tairi tupu linalozunguka lina Cd ya karibu 0.6. Kwa Cd mara eneo, mawili ya mbele yanakupa 0.096. Ya nyuma yamejificha kidogo kwenye mkia wa hewa ya yale ya mbele, kwa hiyo weka 0.064 kwa yote mawili. Jumla 0.16, karibu mara mbili ya bodi nzima. Mikono ya mbele inayoshika magurudumu ni mirija ya duara?

Risasi_Ndefu: Ndiyo. Minne, kipenyo mm 25, kila mmoja unatokeza sm 30.

Dada_Fizikia: Mrija wa duara una Cd ya karibu 1. Hapo pana 0.03 nyingine. Jumla yako ni 0.28 badala ya 0.087. Kwa 400 km/h hewa inakudai niutoni 1,728, na ukijumlisha matairi na hasara za difu unahitaji kama farasi 334. Kwa 190 ulizonazo utagota 326 km/h, na hapo ni kama injini iko kwenye kilele chake cha nguvu. Kwa difu ya 2.2 kwenye gia ya tano haitakuwa. Itakuwa inasukuma kwenye mizunguko 5,850, ambako farasi ni wachache zaidi, kwa hiyo hata 326 hutaiona.

Mzee_wa_Spana: Kijana, ukweli umeuficha mwenyewe kisha unaomba msaada. Vitu hivi vinaua watu.

Risasi_Ndefu: Sijaficha, dada. Na hesabu yako ya tairi ni ya makadirio tu. Mimi nimeshapima barabarani. Kwenye lami tambarare, gia ikiwa huru, kutoka 200 hadi 180 km/h sekunde 16.8. Kutoka 120 hadi 100, sekunde 23.0. Kwenda na kurudi, majibu yale yale. Hiyo inathibitisha 0.087.

Kipimo_Tu: Hii ni chai.

Kwanza, kwenda na kurudi haviwezi kulingana hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Upepo wa mita moja tu kwa sekunde unatosha kuvitenganisha. Pili, nimechukua kilo 900, ukinzani wa matairi 0.02, msongamano 1.0 na 0.087. Jibu ni 16.8 na 23.0 kamili. Lakini 0.02 umesema ni ya chumvi, lami nzuri ni kama 0.013. Na 1.0 ni hewa ya Bonneville. Tatu, umesahau kwamba magurudumu yanayozunguka yana uzito wake wa ziada, karibu asilimia 3, na namba zako hazina hata hiyo. Gari lenye matairi nje, kwenye lami na hewa ya 1.2, lingeshuka 200 hadi 180 kwa sekunde 9 hivi. Namba hizi zimetoka kwenye karatasi, barabarani hazijafika.

Historia_ya_Mwendo: Hivi gari lenyewe lipo?

Mzee_wa_Spana: Mods, fungeni uzi.

Risasi_Ndefu: Lipo. Liko juu ya stendi, injini haijafungwa. Kipimo cha barabarani sijafanya, namba nilizipata kwenye karatasi kama alivyosema Kipimo_Tu. Niliogopa kwamba bila kipimo hakuna angenichukulia kwa uzito. Naomba radhi, hasa kwako dada.

Kipimo_Tu: Nimekuelewa. Mods, uzi usifungwe, swali ni la kweli. Likiweza kutembea, pima hivi. Tafuta lami tambarare na asubuhi yenye upepo chini ya mita 2 kwa sekunde. Pasha matairi moto kwanza, na hakikisha pedi za breki hazigusi diski, kwa sababu breki inayosugua itasomeka kama hewa. GPS ya kurekodi mara 10 kwa sekunde inatosha. Fanya jozi tano za kwenda na kurudi, uchukue wastani wa kila jozi. Andika joto na shinikizo la hewa siku hiyo, usitumie namba ya kitabuni. Pima uzito gari likiwa na dereva na mafuta, zidisha kwa 1.03.

Siri ni kupima kwenye kasi mbili zilizoachana. Kani ya kasi kubwa ukitoa kani ya kasi ndogo, matairi karibu yanajifuta na inabaki hewa. Ukipima kasi moja tu, utagawa lawama kati ya tairi na hewa kwa kubahatisha.

Dada_Fizikia: Radhi imepokelewa. Likiwa bado kwenye stendi, funga magurudumu na upige picha ya mbele. Kamera iwe mita 40 au 50 kutoka gari, lenzi ya kuvuta mbali, kimo cha katikati ya bodi, na fimbo ya mita moja isimame pale bodi ilipo pana zaidi. Hesabu pikseli. Ukipiga kutoka mita tano, pua na matairi ya mbele yanaonekana makubwa kuliko yalivyo na eneo linaharibika. Kwenye uigaji weka magurudumu yanayozunguka na ardhi inayotembea, kisha gawa wavu wa hesabu uwe na vijitundu vidogo zaidi, urudie. Cd ikihama, jibu bado halijakomaa.

Mirija ile minne ivalishe umbo la bawa, urefu mara tatu au nne ya unene. Cd inashuka kutoka 1 hadi karibu 0.1, kwa hiyo 0.03 inakuwa takriban 0.003. Hapo unaokoa karibu asilimia 10 ya ukinzani wote wa hewa, na daraja lako halibadiliki. Bawa la wima unaloliogopa, la nusu mita ya mraba, litakula kama 0.005. Mrija mmoja tu ulio wazi unakula zaidi ya hapo.

Mzee_wa_Spana: Kwenye hilo la bawa namuunga mkono dada.

Risasi_Ndefu: Bawa naweka. Mirija naivalisha wiki hii. Difu muuzaji anasema imeshakatwa, hairudi.

Kipimo_Tu: Gia ya nne ina uwiano gani?

Risasi_Ndefu: 1.21.

Kipimo_Tu: Mara 2.2 ni 2.66. Kwa 326 km/h injini itakuwa kwenye 7,080, na magurudumu yakiteleza asilimia 5 kwenye chumvi itapanda hadi 7,430. Inavumilia?

Risasi_Ndefu: Kikomo ni 7,600.

Kipimo_Tu: Basi difu ibaki. Mbio zako zimalizie gia ya nne, na ya tano usiiguse mpaka uwe na picha ya mita 40 na namba za lami.