Rafiki anaoa jimbo la New York, anataka mimi nifungishe ndoa: sheria inasemaje?

Pwani_Moja
Wakuu, salaam. Rafiki anaoa Septemba kaunti ya Westchester, jimbo la New York. Yeye na mchumba wake wanataka niwafungishe ndoa mimi, si mchungaji wala hakimu. Sina cheo chochote cha dini na siishi New York. Wapo wanaosema nijiandikishe mtandaoni kwenye kanisa linalotoa uchungaji bure, basi. Hiyo inatosha? Ninachoogopa ni ndoa yao kuja kukataliwa baadaye.

Mwanasheria_Kijijini
Hofu yako ina msingi, mkuu. Uchungaji wa mtandaoni uache, hasa Westchester. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa inayosimamia Westchester, Long Island, Brooklyn na Queens iliamua kwamba mtu aliyepewa uchungaji na Universal Life Church, kanisa linalompa uchungaji yeyote anayeomba, hakuwa na mamlaka ya kufungisha ndoa, na ndoa ile ikahesabiwa batili. Ofisini hutaona dalili yoyote ya tatizo, kwa sababu karani anapokea karatasi iliyosainiwa na kuisajili. Kasoro inaibuka miaka mingi mbele, kwenye talaka au mirathi, pale mmoja anapoona faida ya kusema hapakuwa na ndoa.

Dawa yake ipo tangu 28 Machi 2023: leseni ya mfungishaji wa siku moja. Uwe umetimiza miaka 18, ulipe dola 25, ujaze fomu kwa karani wa mji au jiji ukitaja majina ya maharusi. Ukazi wa New York hautakiwi, wala dini. Leseni hiyo ni ya ndoa hiyo moja tu; ikishafungwa imekwisha, na leseni ya ndoa ikipitwa na muda nayo inakufa. Ushauri wangu: iombe kwa karani yule yule atakayewapa maharusi leseni yao, ili majina yasipishane kwenye karatasi mbili. Na uwe nayo mkononi kabla ya sherehe. Ukiipata baada ya viapo haikusaidii kitu.

Bi_Sauda
Ongeza hesabu ya siku, maana watu wengi wanachanganya leseni mbili hizi. Yako ni ruhusa ya kufungisha. Yao ni ruhusa ya kuoana, na wanaiomba wenyewe. Ikitolewa, wasubiri saa 24 kabla ya kufunga ndoa, kisha inadumu siku 60. Wakiichukua Juni kwa harusi ya Septemba, itakuwa imekufa. Agosti ndiyo mahali pake, wiki mbili tatu kabla.

Jambo la pili ni mpaka. Leseni ya New York inatumika popote ndani ya jimbo, nje ya hapo haina kazi. Ukumbi ukiwa ng'ambo ya mto Hudson upande wa New Jersey, ya kwako na ya kwao zote hazifai. Wathibitishe anwani ya ukumbi kabla ya kulipa chochote.

Pwani_Moja
Asanteni sana. Na siku yenyewe? Kuna maneno maalumu ya kusoma?

Mwanasheria_Kijijini
Hakuna maneno yaliyopangwa. Mashairi, dua, hotuba ndefu, ni hiari yenu. Kitu kimoja tu usikiruke: kila mmoja atamke, mbele yako na mbele ya shahidi angalau mmoja, kwamba anamchukua mwenzake kuwa mwenzi wake wa ndoa. Usilitamke wewe halafu wao wakaitikia kwa tabasamu. Liandike kwenye ratiba yako kwa herufi kubwa, kwa sababu kwenye msisimko wa pete na picha ndilo linalosahaulika.

Baadaye mnasaini leseni yao ya ndoa. Andika jina lako sawasawa na lilivyo kwenye leseni yako, na kwenye nafasi ya cheo uandike mfungishaji wa siku moja. Ukiandika mchungaji umejirudisha kwenye lile tatizo la 1989. Mahali pa ndoa panatajwa mji na kaunti, jina la ukumbi peke yake halitoshi. Ukikosea usifute wala kupaka rangi nyeupe, mpigie karani akuelekeze.

Kurudisha karatasi kwa karani aliyeitoa ni kazi yako, na una siku 5. Usiwaachie maharusi, wao wanakimbilia fungate na bahasha inabaki kwenye sanduku la zawadi. Piga picha pande zote mbili kabla ya kuituma.

Mto_Ruvu
Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na harusi majimbo mengine: msinakili hatua hizi. California, kaunti inaweza kumteua mtu kuwa naibu wa kufungisha ndoa kwa siku hiyo, na leseni ya ndoa hudumu siku 90. Massachusetts ombi linakwenda kwa gavana. Tennessee ilipitisha sheria 2019 ya kuwazuia waliopewa uchungaji mtandaoni. Colorado maharusi wanaruhusiwa kujifungisha na kusaini wenyewe.

Ikitokea muda umewabana kabisa, maharusi wafunge ndoa ya serikali kwanza, siku yoyote kabla ya harusi. Hapo hata mtu asiye na leseni anaweza kuongoza sherehe, ila asisaini karatasi yoyote, na tarehe ya ndoa kisheria itabaki ile ya kwanza.