Mjadala: Galaksi kibete zisizo na gesi, mazingira yamezimaliza au zilizaliwa hivyo?

Njiro: Wakuu, naweka mada. Galaksi duaradufu kibete ni ndogo, laini, nyota zake karibu zote kuukuu, gesi hakuna, nyota mpya hazizaliwi. Kwenye kishada cha Virgo, kundi kubwa la galaksi lililo miaka ya nuru milioni 54 kutoka hapa, ndizo nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Nje ya vishada ni adimu. Msimamo wangu: mazingira. Kishada kimejaa gesi yenye joto la nyuzi mamilioni. Galaksi ndogo ikiingia kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, inakumbana na upepo unaoikwangua gesi yake yote. Wanaastronomia Gunn na Gott walilieleza hili tangu 1972. Kasi ikizidi mara mbili, mgandamizo wa upepo huo nao mara mbili. Anayepinga aje.

Kiborloni: Napinga. Galaksi ndogo ina mvutano dhaifu, nyota zake kubwa zikilipuka zinaisukuma gesi nje zenyewe. Galaksi kibete Tucana na Cetus ziko peke yao mbali na galaksi kubwa, na gesi hazina. Nani aliziibia? Halafu ninyi wa Arusha mnajadili galaksi zipi, na Meru imewaziba kaskazini yote? Hata M110, kibete cha pembeni ya Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, hamjawahi kuitia machoni.

Ngaramtoni: Hilo la Meru sikuachii. Kutoka Mnara wa Saa hadi kileleni ni kilomita 15 hivi. Kilele kina mita 4,566, mji uko kwenye mita 1,400. Piga hesabu: kilele kinasimama nyuzi 12 tu juu ya upeo. Andromeda ikiwa kaskazini kabisa inafika nyuzi 45. Meru inaziba nini hapo? Na Kibo ukiwa kwenu Moshi ni nyuzi 9 au 10. Nyani haoni kundule!

Kiborloni: Kaka, punguza jazba. Nyuzi 45 nakubali. Lakini taa za mji wenu je? M110 ni hafifu, taa za barabarani zinaimeza.

Ngaramtoni: Taa ulikuwa hujazitaja. Ulisema mlima.

Sakina: Samahanini wakubwa, mada ni gesi. Njiro, rekebisha: mgandamizo unakwenda na kasi kwa kipeo cha pili. Kasi mara mbili, mgandamizo mara nne. Ndiyo maana kishada kinaua na kikundi kidogo kinajeruhi tu. Ushahidi upo Virgo kwenyewe: galaksi kibete IC 3418. Mwili wake hauna gesi tena, ila nyuma yake umeburutwa mkia wenye mafundo ya nyota changa. Gesi imeng'olewa, ikazaa nyota njiani. Na mwaka 2012 Geha na wenzake walipima galaksi zenye uzito wa nyota kati ya jua milioni 10 na bilioni moja: zile zilizo zaidi ya miaka ya nuru milioni 5 kutoka kwa jirani mkubwa, karibu zote bado zinazaa nyota. Kama uzito mdogo peke yake ungetosha kuzimaliza, tungezikuta zimekufa huko porini.

Kiborloni: Dada, Tucana hujaijibu.

Sakina: Tucana ni nyepesi kuliko kundi hilo la Geha, na imewahi kupendekezwa kwamba ilipita karibu na galaksi kubwa zamani, ikatupwa nje. Kwa vidogo mno kama hivyo, nakubali milipuko ya ndani ina mkono wake.

Majengo Moshi: Wote mnazungumzia gesi, umbo mmeliruka. Upepo unaondoa gesi, hauzigusi nyota. Galaksi bapa, yaani diski, ikikwanguliwa inabaki diski! Mwaka 2000 Jerjen, Kalnajs na Binggeli walitoa sehemu laini ya mwanga kwenye picha ya IC 3328, kibete cha Virgo, wakakuta mikono hafifu ya mzunguko imejificha chini. Ili diski ivimbe iwe duaradufu unahitaji mitikisiko ya kupita karibu na majirani, tena na tena, kama walivyoeleza Moore na wenzake 1996. Kwa hiyo mazingira ni mikono miwili: mmoja unapora gesi, mwingine unavuruga nyota.

Ngaramtoni: Safi. Ila mtu asiseme tena Meru inaziba.

Kiborloni: Basi niambie M110 inaonekanaje, kama kweli mnaiona.

Majengo Moshi: Mwishoni mwa Oktoba, saa tano kasorobo usiku, Andromeda iko kaskazini kabisa. Toka nje ya mji, macho yakae gizani dakika 20 hadi 30, simu usiiwashe. Darubini yenye kioo cha mm 150 na fokasi ya mm 750, weka lenzi ya jicho ya mm 25, inakuza mara 30. Ukiikuza mara 150 mwanga unatawanyika, kibete kinapotea. Wengi wanaona kidoa kama nyota yenye ukungu karibu na kiini wanashangilia. Hiyo ni M32. M110 iko upande wa pili, mbali na kiini kuzidi kidogo upana wa mwezi mpevu, imetanda. Tazama kwa pembe ya jicho.

Njiro: Na kingo zake kwenye picha za muda mrefu zimepinda, Andromeda inazivuta.

Kiborloni: Lakini katikati yake kuna gesi kidogo na nyota changa bado. Mbona haijaporwa?

Sakina: Katikati ndiko mvutano ulikokaza zaidi. Upepo huanza na nje.