Kupigwa na mume ndio msalaba wa kubeba?

Binti_Kisauni
Hamjambo wapendwa, naomba mnisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi. Dadangu kaolewa huku Changamwe na mumewe akilewa anampiga, si mara moja wala mbili, juzi nimemkuta kajitanda leso mpaka kwenye paji kumbe jicho limevimba halifunguki. Nikamwambia twende kwa mama akakataa, akashika ule msalaba wake mdogo wa mbao wa shingoni akaniambia "huu ndio wangu, Yesu alinyamaza na mimi nitanyamaza". Kina mama wa jumuiya nao ndio wanavyomwambia, vumilia, kila mtu na msalaba wake. Ijumaa Kuu mimi nafuata Njia ya Msalaba vituo vyote 14 lakini hili roho yangu inalikataa kabisa. Kwani msalaba ndio huu??

Katekista_Pwani
Pole sana dadangu. Msalaba enzi za Warumi ilikuwa adhabu ya watumwa na waasi, waliangikwa kando ya barabara ili kila mpita njia aingiwe na hofu, mwaka 71 kabla ya Kristo baada ya ile vita ya Spartacus waliangikwa watu kama 6,000 kwenye njia ya Capua kwenda Roma. Hapo hapana utakatifu wowote. Tunauheshimu kwa sababu ya aliyetundikwa na upendo uliompeleka, maumivu peke yake hayamwokoi mtu. Soma Yohana 10:18, Yesu anasema uhai wake hakuna anayemnyang'anya, anautoa mwenyewe. Sasa dadako katoa nini? Yeye kanyang'anywa. Na tunasahau kwamba Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima alipita katikati yao akaenda zake (Luka 4), na hekaluni walipookota mawe alijificha akatoka (Yohana 8:59). Alikwepa kupigwa na hakutenda dhambi.

Baba_Likoni
Mimi naogopa kidogo hayo maneno, tukienda hivyo kila mtu atautua wake. Luka 9:23 imesema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Mke wangu alipata kiharusi, naamka saa nane usiku kumgeuza asipate vidonda mgongoni, asubuhi nakimbilia feri niende kazini, na sijawahi kusema niondoke. Ndoa ni agano jamani.

Mama_Mishomoroni
Baba Mungu akubariki, na huo wako ndio msalaba hasa, umeubeba kwa kupenda na mkeo anaishi kwa sababu yako. Lakini huyu dada mateso yake yanampa nani uzima? Mume anazidi kuharibika, watoto wanaona kumpiga mama ni kawaida, na siku moja tutaitwa matangani. Agano kalivunja anayeinua mkono. Halafu nyinyi mnaofuata vituo, cha tano ni nani? Simoni wa Kirene. Bwana mwenyewe alisaidiwa kubeba, sasa hao kina mama kazi yao ilikuwa kwenda kumbebea mwenzao, siyo kumwongezea uzito.
Binti, usibishane naye wala usimguse ule msalaba wake, unampa nguvu. Mpeleke hospitali ya Coast General kuna kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, watamtibu na kuandika majeraha, na polisi aulizie fomu ya P3, ile daktari anayojaza majeraha kwa ajili ya kesi. Akiogopa kutoka apige 1195, simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa, ni bure.

Binti_Kisauni
Asanteni sana, nimelia nikisoma. Nimempigia nikamsomea hiyo Yohana 10:18, akanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza hospitali watamwambia mumewe? Nikamwambia siri ni yake. Kakubali twende kesho bwana akiwa kazini. Watoto je, twende nao?

Mama_Mishomoroni
Nendeni nao. Na abebe kitambulisho chake na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, asiviache nyumbani.

Baba_Likoni
Mama Mishomoroni nimekuelewa. Binti, kama mtakosa nauli ama mtu wa kuwasindikiza polisi niandikie inbox, nitakuja.