Nitakadiriaje saratani ya thairoidi katika mkoa usio na rejista?

Ngamba:
Wakuu, salaam. Naandika tasnifu kuhusu saratani ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, katika mkoa ambao hauna rejista ya saratani, yaani orodha rasmi ya wagonjwa wote wa saratani. Nilicho nacho ni daftari la maabara ya patholojia, yaani majibu ya kinyama (kipande cha mwili kinachokatwa ili kipimwe) ya watu waliopasuliwa goita. Karibu mmoja katika kila kumi ana saratani. Je, naweza kusema asilimia 10 ya wenye goita mkoani wana saratani, kisha nizidishe kwa idadi yao? Msimamizi wangu amekataa bila kunifafanulia.

Kurunzi:
Msimamizi yuko sahihi. Wanaofika kwenye kisu wamechujwa tayari: uvimbe umekua haraka, sauti imebadilika, kumeza kumekuwa tabu. Wenye goita wengi hawafiki huko kabisa.

Mwanarejista:
Ndugu Ngamba, nimefanya kazi ya kusajili saratani kwa muda mrefu na swali lako nalipenda, maana makosa ya hapa huishia kwenye bajeti za wagonjwa.

Amua kwanza unahesabu nini. Wagonjwa wapya wa mwaka ni hesabu moja. Watu walio hai ambao wamewahi kuugua ni nyingine. Kwa saratani hii hesabu hizo hupishana sana, kwa sababu wengi wenye papilari, mojawapo ya aina za saratani hii, huishi miaka mingi baada ya matibabu. Daftari lako linafaa kwa wagonjwa wapya. Chukua wakazi wa mkoa tu, kila mtu mara moja hata kama ana sampuli tatu, na uwafuatilie waliopewa rufaa kwenda nje ya mkoa. Kisha gawanya kwa idadi ya watu kutoka sensa, kwa umri na jinsia. Wanawake huugua takribani mara tatu ya wanaume, kwa hiyo usiwachanganye.

Na usiandike namba tupu. Tuseme umepata wagonjwa wapya 12 kwa mwaka katika watu milioni moja. Hiyo ni 1.2 kwa watu 100,000, lakini kwa kanuni ya Poisson, ile ya kukadiria bahati nasibu katika matukio machache, kiwango halisi kinaweza kuwa kati ya 0.6 na 2.1. Unganisha miaka mitano, pengo hilo litapungua na utapumua kidogo.

Ngamba:
Asante sana, mkuu. Na nikipita vijijini na ultrasaundi, si nitapata picha kamili zaidi?

Mwanarejista:
Hapo nakusihi, usifanye hivyo. Korea Kusini watu wazima wengi walipimwa shingo kwa ultrasaundi ingawa hawakuwa na dalili yoyote, na kufikia 2011 wagonjwa wapya walikuwa takribani mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikusogea. Watafiti wa Finland nao, mwaka 1985, walikata vipande vyembamba vya tezi za marehemu 101 na kukuta saratani ndogo za papilari katika zaidi ya theluthi moja. Watu hao walikuwa wamekufa kwa mambo mengine. Ukitafuta kwa bidii utapata, na wengi utakaowapata watapasuliwa, huenda wakameza vidonge vya homoni maisha yao yote. Siwezi kunyamaza mtu akitaka kuwafanyia hivyo watu wazima wa afya kwa ajili ya namba.

Ndiyo maana kiwango cha wagonjwa lazima kiandamane na vifo, ukubwa wa uvimbe na aina ya saratani. Viwango vya mikoa miwili vinaweza kutofautiana kwa sababu ya idadi ya mashine za ultrasaundi tu.

Kurunzi:
Naongeza kimoja. Tafuta orodha ya pili, mfano ya kliniki ya saratani, uilinganishe na ya maabara. Maabara ikiwa na watu 40, kliniki 30, na 20 wakiwa kote kuwili, makadirio ya wagonjwa wote, pamoja na wasio kwenye orodha yoyote, ni 40 × 30 ÷ 20, yaani 60, ilhali majina uliyo nayo ni 50. Ila aliyepimwa kinyama ndiye hupelekwa kliniki, orodha hazijitegemei, kwa hiyo 60 hiyo ichukulie kuwa ya chini kuliko idadi halisi.