Mashine ya CPAP: namba za kila asubuhi zinasomwaje?

Pumzi Ndefu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nimegunduliwa hivi karibuni kuwa na apnea ya usingizi (pumzi kukatika-katika usingizini) ya kiwango cha kati, nami nimepewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koromeo lisizibe. Yangu ni inayojirekebisha yenyewe, iliyopangwa kufanya kazi kati ya mgandamizo wa sentimita 4 na 20 za maji. Kila asubuhi hunionyesha AHI (mara ambazo pumzi hukatika au kupungua sana kwa saa), uvujaji wa hewa, na mgandamizo wa “asilimia 95”. AHI yangu haitulii: usiku mmoja ni 3, mwingine ni 9. Mgandamizo huo wa asilimia 95 hukaribia 12. Je, maana yake ni kwamba nahitaji 12 usiku kucha? Aidha, ninapovaa tu barakoa huhisi kana kwamba hewa hainitoshi, jambo ambalo sikulitarajia kwa mashine iliyoundwa ili kunipa hewa.

Mlinzi wa Usiku alijibu:

Karibu, ndugu. Namba hiyo si wastani wala si agizo. Inasema kwamba kwa asilimia 95 ya muda wa matumizi, mashine ilikuwa kwenye 12 au chini yake. Kwa hiyo inakaribia kilele cha mahitaji yako, na huenda kilele hicho ulikihitaji kwa muda mfupi tu, pengine ulipolala chali.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo 4 ya chini. Watu wazima wengi huhisi kukabwa katika kiwango hicho, na ndiyo sababu ya kawaida ya malalamiko kama yako. Isitoshe, mashine haipandishi mgandamizo mpaka ione dalili, kama vile mkoromo au mkondo wa pumzi uliobanwa, kisha hupanda polepole. Ikianzia chini mno, koromeo huweza kuziba mara kadhaa kabla haijafika panapotakiwa. Muulize mtaalamu wako kama kiwango cha chini kinaweza kusogezwa karibu na mahitaji yako halisi. Muulize pia kuhusu muda wa kupanda taratibu mwanzoni mwa usiku, na nafuu ya kutoa pumzi, ambayo katika mashine nyingi hupunguza hadi sentimita 3 kila unapopumua nje.

Bi. Barakoa alijibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila ningeanzia kwingine. Kabla ya mgandamizo, tazama uvujaji. Mashine hutambua pumzi zako kwa kupima mkondo wa hewa, na hewa ikitoroka kwa wingi, vipimo hivyo huvurugika, hata AHI ya usiku huo haiaminiki, iwe nzuri au mbaya. Usilinganishe namba zako na za mtu mwenye mashine ya kampuni nyingine, kwa kuwa baadhi huonyesha uvujaji usiokusudiwa pekee, na nyingine hujumlisha hewa inayotoka kwa makusudi katika matundu ya barakoa.

Zamu ya Maabara alijibu:

Ninafanya kazi katika maabara ya usingizi, na ningependa kuongeza jambo linalosahaulika mara nyingi. AHI ni idadi ya mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, ikigawanywa kwa saa. Chini ya 5 ndilo lengo la kawaida la tiba. Lakini mashine ya nyumbani haijui kama umelala. Hugawanya kwa saa ulizovaa barakoa, na hata pumzi unayoizuia ukiwa macho unapojigeuza inaweza kuhesabiwa. Ndiyo maana wastani wa wiki una uzito kuliko usiku mmoja.

Wastani nao huficha mambo. AHI ya 4 kwa saa 8 ni matukio 32. Yakitawanyika, sina wasiwasi, lakini yakirundikana alfajiri, wakati usingizi wa ndoto unapokuwa mrefu, ningetaka kuona grafu zilizomo kwenye kadi ya kumbukumbu.

Tena, tazama aina ya matukio. Yapo yanayotokana na njia ya hewa kuziba, na haya ndiyo mgandamizo unayatibu. Yapo mengine ambayo njia iko wazi lakini ubongo hautumi amri ya kupumua; kuongeza mgandamizo hakuyaondoi, na wakati mwingine huyazidisha. Hujitokeza kwa baadhi ya wanaoanza tiba, na kwa wengi wao hupungua baada ya wiki au miezi. Yasipopungua, au kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, daktari lazima ajulishwe.

Pumzi Ndefu aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimezitazama upya ripoti, na usiku wenye AHI kubwa ndio wenye uvujaji mkubwa pia. Matukio karibu yote ni ya kuziba.

Bi. Barakoa alijibu:

Basi anza na barakoa. Ikaze ukiwa umejilaza na mashine ikiwa imewashwa, kwa maana uso hubadilika umbo unapojilaza, na usiikaze kupita kiasi, kwani mto wake hujikunja na kuvuja zaidi. Kama unatumia ya puani na unaamka kinywa kikiwa kikavu, huenda unafungua mdomo. Omba kujaribu inayofunika pua na mdomo. Uvujaji ukishatulia kwa wiki kadhaa, ndipo umpelekee mtaalamu wako ripoti mzungumzie ile 4.