Asilimia 75 ya nini? Wenye malori Marekani tunaibiwa, na wanaotuibia ni ndugu zetu

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Uzi huu ni wa wenye malori huku Marekani mlioingiza gari kwenye kampuni ya mtu kwa makubaliano ya asilimia, hasa mlioingiza kwa mtu wa kwetu. Tunaibiwa. Neno nimelichagua mwenyewe na silirudishi.

Kwa asiyejua mfumo: kichwa ni chako, mkopo wa kichwa ni wako, dizeli, matairi na spea ni juu yako. Mwenye kampuni ana kibali cha usafirishaji, ile MC. Anachukua mzigo kwa dalali, analipwa yeye, anakata chake, wewe unapewa kilichobaki. Wengi tumeahidiwa asilimia 75 ya mzigo. Kwa masikio inapendeza. Ila hakuna anayekuonyesha ni asilimia 75 ya nini.

Mimi nilikuja kujua kwa mdomo wa dalali. Nilikuwa na mzigo wa Laredo kwenda Chicago, kama maili 1,400. Nikiwa Arkansas dalali akanipigia anafoka, gari halionekani kwenye ramani yake. Katika kufoka akasema, tunawalipa dola 3,600 halafu hamtaki hata kuwasha simu! Nikaiandika namba hiyo nyuma ya hati ya mzigo, palepale kwenye maegesho. Ijumaa hati ya malipo ikaja: mzigo dola 2,800, changu dola 2,100. Asilimia 75 ya 3,600 ni 2,700. Dola 600 zangu zimeliwa kwenye mzigo mmoja, mtu amekaa ofisini na kiyoyozi.

Nikampigia mwenye kampuni. Akaniambia, "Kaka, hayo ni mambo ya ofisi, wewe endesha gari." Nilipobana akaleta habari za kampuni inayomnunulia ankara, yaani inayomlipa mapema kabla dalali hajalipa, eti ndiyo imekata. Hao hukata asilimia chache tu. Dola 800 zimekatwa na nani? Akahamia kwenye siri ya mteja. Alipoona bado sijanyamaza akamalizia, "Unataka tupelekane kwa Wazungu?"

Ndiyo. Nataka.

Sasa pigeni hesabu na mimi, maana hesabu ndiyo inayoniumiza. Kutoka Dallas kwenda Laredo kuchukua huo mzigo nilikwenda tupu, kama maili 430, na hizo hakuna anayezilipa. Jumla maili 1,830. Gari langu linakwenda maili 6.5 kwa galoni, dizeli ilikuwa dola 3.70, hivyo mafuta peke yake ni dola 1,040 na ushei. Inabaki kama 1,060. Njoo kwenye makato ya wiki: bima 350, kukodi tela 250, kifaa cha kurekodi saa za kuendesha 40, amana wanayoishikilia wao 100. Zinabaki kama dola 320. Mzigo wa kurudi Texas ulitosha mafuta na chenji kidogo. Humo utoe rejesho la kichwa, uweke ya matairi, ya kumwaga oili, na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ambayo serikali inakusubiri nayo kila robo mwaka. Mtu wa hivyo anapata faida gani?

Taasisi ya utafiti wa usafirishaji, ATRI, ilikadiria kwamba mwaka 2024 kuendesha lori kuligharimu wastani wa dola 2.26 kwa kila maili, ujira wa dereva ukiwemo. Mimi nimelipwa dola 2,100 kwa maili 1,830, yaani dola 1.15 kwa maili. Zile dola 600 zisingenitajirisha, lakini ndizo zilizokuwa rejesho la gari.

Halafu kuna mtu atakuja hapa kuniambia sheria haipo, biashara ni makubaliano. Sheria ipo, tena ya miaka mingi. Iko kwenye kanuni za serikali ya shirikisho, 49 CFR, kifungu cha 376.12, na inabana kila kampuni ya usafirishaji wa mizigo kati ya majimbo inayokodi gari la mtu. Ukilipwa kwa asilimia, kampuni inapaswa kukupa nakala ya bili ya mzigo yenye bei, kabla ya malipo au wakati wa malipo. Si ukiomba sana. Si akijisikia. Na hicho kisingizio cha siri ya mteja sheria imekijibu humo humo: kampuni inaruhusiwa kufuta majina ya mtumaji na mpokeaji. Majina tu! Bei haifutwi. Kwa hiyo mtu anayekuambia hawezi kukuonyesha bili kwa sababu ya mteja anakudanganya machoni. Kugawana asilimia bila bili ni kugawana samaki gizani na aliyeshika kisu.

Kifungu hicho hicho kinataka ulipwe ndani ya siku 15 baada ya kupeleka karatasi. Kinasema kila makato yaandikwe kwenye mkataba na upewe nyaraka za kuhakikisha kiasi. Kinasema hulazimishwi kununua au kukodi kitu kwa kampuni ndiyo upewe mkataba. Mimi niliambiwa tela lao au nisahau kazi. Amana ndiyo kabisa: inatakiwa kulipiwa riba angalau kila robo mwaka, na mkataba ukisitishwa irudi ndani ya siku 45 ikiwa na hesabu ya walichokata. Nani kati yenu amewahi kuiona hiyo riba? Nyoosheni mikono.

Wengine mtaniambia nichukue MC yangu niache kulia. Sheria inataka bima ya dhima ya angalau dola 750,000, madalali wengi hawakupi mzigo bila milioni moja, na MC changa bima yake inauma kuliko rejesho la gari. Dalali akiona MC haina hata miezi mitatu anakata simu. Kampuni hizi zinalijua hilo. Zinajua huna pa kwenda mwaka wa kwanza, ndiyo maana zinakula kwa raha.

Na kinachonichoma kuliko hela ni kwamba huyu mtu tunakaa naye. Alipofiwa tulichanga. Madereva anawapata kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na nje ya kanisa, anamshika mtu bega, anamwita mdogo wangu. Mkataba wa Kiingereza kurasa nyingi unasainiwa juu ya boneti, kesho safari. Wenzetu waliotoka Kongo ndio wanaonyongwa zaidi. Tangu 25 Juni 2025, dereva akikaguliwa barabarani Kiingereza kikamshinda anasimamishwa palepale. Sasa hao mabosi wamepata fimbo: ukiuliza bili, unaambiwa shukuru una kazi, watu kama wewe wanatafutwa. Mtu ana gari lake na leseni yake halali, anatishwa kwa hela yake mwenyewe!

Mimi nimeshasitisha mkataba kwa maandishi. Nimeondoa nembo yao mlangoni, nimerudisha tela na kulipiga picha pande zote, nimedai bili za mizigo yote na amana yangu kwa barua ya posta inayosainiwa na mpokeaji. Malalamiko nimeyapeleka pia FMCSA, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia malori. Siwategemei sana, ila nataka yawepo kwenye kumbukumbu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye gari kwenda mahakamani mwenyewe kwa ukiukaji huu, na mahakama inaweza kuitoza kampuni gharama za wakili.

Ninachotaka kwenu, wakuu. Mnaolipwa kwa asilimia, daini bili ya mzigo wenu wa wiki hii, kwa maandishi, halafu leteni majibu mliyopewa hapa, majina mkiyafuta. Msinitumie pembeni, wekeni hadharani kila mtu asome. Na kama kuna aliyewahi kuipeleka kampuni mahakamani Texas kwa kifungu hiki, aniambie wakili wake alitaka kiasi gani mbele na kesi ilichukua muda gani. Jumatatu naanza kuwapigia mawakili.