Mkono ukifa ganzi: tulipie elastografi, au tuanze na tulivyonavyo?

Mwanzisha mada, Himbi

Ndugu zangu wa Goma, naomba mawazo yenu. Jirani yangu ni mshonaji pale Birere. Mwezi wa nne sasa anaamka saa nane za usiku, anakung'uta mkono wa kuume mpaka ganzi imtoke kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Juzi mkasi ulimponyoka, kitenge cha mteja kikaharibika. Alipoenda kutibiwa akaambiwa atafute pesa, asafiri akafanye elastografi, ndipo arudi. Hakuna hata aliyemshika mkono.

Elastografi ni ekografi (picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti) iliyoongezewa uwezo wa kupima ugumu. Aina inayosifiwa zaidi husukuma mawimbi madogo ndani ya mwili na kupima mwendo wake, kwani penye ugumu yanakimbia zaidi. Mshipa wa fahamu unaoleta ganzi hii hupita kwenye kijia chembamba cha kifundo cha mkono, umesongamana na kano 9. Ukibanwa, huvimba na kukakamaa.

Kwenye ini kipimo hiki kimeshajipatia heshima yake. Kwenye mishipa ya fahamu, bado. Kunja kifundo kidogo tu, namba inabadilika. Kandamiza kichwa cha mashine, inapanda. Pima kwa urefu wa mshipa, kisha kwa upana wake, hupati jibu moja. Mashine za kampuni mbili hazipatani, na hakuna kiwango ambacho madaktari wote wamekubali kwamba hapa ndipo ugonjwa unaanzia.

Ekografi ya kawaida, ikiwekewa kichwa cha kuonea vitu vilivyo karibu na ngozi, huonyesha unene wa mshipa. Ukizidi milimita 10 za mraba hivi pale kifundoni, na dalili zipo, shaka inakuwa na msingi. Kwa hiyo nasema: kumtoza mshonaji pesa ya elastografi kabla ya kumuuliza, kumpima kwa mikono na kumpa kibao cha kufunga usiku, ni kumdhulumu.

Kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), Katindo

Nakubali nusu. Kipimo cha umeme wa mishipa, tunachokitegemea siku zote, huku kukipata ni taabu, tena kinaweza kutoka safi wakati mgonjwa ana dalili za mwanzo. Elastografi haichomi sindano wala hairushi umeme. Wanafunzi wetu wa udaktari wasipoishika leo, watabaki kuisikia kwa wengine. Inunuliwe kwa kufundishia na kwa utafiti, mgonjwa asilipe hata franka.

Msukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), njia ya Kibumba

Mimi ganzi yangu iko kwenye kidole kidogo na nusu ya kile cha pembeni yake. Ni ugonjwa uleule wa mshonaji?

Mwanzisha mada

Kaka, huo ni mshipa mwingine. Wako unapita upande wa kidole kidogo, na usukani wa chukudu unaukandamiza pale chini ya kiganja. Hata waendesha baiskeli hupatwa. Unaweza pia kubanwa kwenye kiwiko. Funga matambara mazito kwenye mti wa usukani, badilisha unavyoshika, na ukaonwe. Ona basi: swali moja la "vidole gani?" limetuonyesha njia bila mashine.

Kine, hoja ya mafunzo nimeipokea kwa moyo wote, mradi karatasi ya malipo isimfuate mgonjwa. Ila yeyote ambaye nyama ya chini ya dole gumba imeanza kubonyea asikae na kibao nyumbani, awahi kwa daktari, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Jana jioni nimeulinganisha mkono wa jirani yangu na ule wa kushoto chini ya taa. Bado nyama imejaa sawa. Amelala na kibao usiku wa tatu.